Duara la Maili Kumi

Garvaig, Kisiwa cha Sorasay
Jumatatu, 9 Januari

Mwanangu Torquil,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshachakaa siku tisa. Mimi mzima, ila mgongo ndio kama unavyoujua. Upepo haujatulia tangu Krismasi. Umeng'oa mlango wa banda, na kuku wawili sijui wametua kijiji gani. Mbwa bado analala kwenye ndoo ya makaa, ukimtoa anakutazama kana kwamba mgeni ni wewe. Jirani yetu Murdo wa Posta amestaafu tangu kiangazi, lakini mazoea yana taabu: kila saa tatu asubuhi anagonga mlango, mkono mtupu, ananiambia, "Leo huna kitu, Effie," anakwenda zake.

Naandika kwa sababu kila nikikupigia uko mkutanoni. Barua haikatiki. Utaisoma hata chooni.

Sasa hili. Baba yako mkubwa Lachie ametimiza wiki ya tisa hospitalini huko bara. Daktari alishamaliza naye tangu mwisho wa Novemba. Kiharusi kimemchukulia mkono na mguu wa kulia, lakini akili anayo, kula anakula, na anachotaka ni kwake. Ili wamtoe, lazima awepo mhudumu wa kumnyanyua na kumwogesha asubuhi na jioni, maana mimi kwa mgongo huu nikimnyanyua tutakuwa wagonjwa wawili. Hapa kisiwani mhudumu hakuna. Nikaiomba ofisi yenu ifungue nafasi moja. Watu wa kufundishwa wapo.

Wamenijibu. Nafasi haifunguliwi, kwa kuwa "mhudumu mwenye sifa tayari yupo ndani ya duara la maili kumi." Nikauliza ni nani huyo. Ni Seonag wa Tarlish!

Torquil, Tarlish naiona hapa nilipokaa, kwenye dirisha la jikoni. Naiona hata kamba ya nguo ya Seonag; leo kaanika shuka. Ni maili tatu, kweli. Maili tatu za maji! Yule yuko kisiwa kingine. Akitaka kuja kwangu apande feri yao hadi bara, alale huko, kesho yake apande feri yetu, upepo ukikubali. Afanye hivyo asubuhi na jioni? Hospitali inasema haimtoi Lachie mpaka mhudumu afike. Ofisi inasema mhudumu yupo. Baba yako mkubwa yuko katikati yao, kitandani.

Wewe umekaa kwenye hicho kitengo cha huduma za visiwani miaka minne, na umekulia kwenye dirisha hili hili. Niambie jambo moja tu: nani alichora hilo duara?

Mama yako mkubwa,
Effie

*

Edinburgh
Jumatatu, 30 Januari

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Samahani sana kwa kuchelewa, kazi zimenielemea. Huku mvua tu, na baiskeli yangu imeibiwa tena, ya tatu hii. Pole na kuku. Mpe Baba Mkubwa salamu zangu ukivuka kwenda kumwona.

Barua yako nimeisoma kwa makini. Ninaelewa kabisa uchungu wako. Suala la wahudumu visiwani ni changamoto ya muda mrefu, na ofisi inaitambua changamoto hiyo. Vigezo vya umbali viliwekwa baada ya mchakato ulioshirikisha wadau. Kumbuka pia kwamba fungu lenyewe linapangwa London, sisi tunagawiwa tu, na mikono yetu imefungwa katika mengi. Tukijitawala wenyewe, changamoto za namna hii zitakuwa na sura nyingine. Wewe ndiye uliyenifundisha hayo.

Mimi kwa sasa nimehamishiwa kitengo kingine. Siwezi kukieleza sana, ila ni kazi ambayo utaifurahia.

Wako mpendwa,
Torquil

*

Garvaig
Jumamosi, 4 Februari

Torquil,

Salamu nitakupa kidogo leo. Kuku mmoja karudi. Haya, hizo ndizo salamu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikampa Murdo naye aisome, maana nilidhani labda miwani yangu ina kasoro. Murdo akasema, "Effie, huyu kijana kaandika ukurasa mzima na hayumo ndani." Changamoto, mchakato, wadau! Wadau gani? Mimi ndiye mdau, na hakuna aliyeniuliza kama naweza kutembea juu ya maji! Nilikuuliza nani alichora duara. Ukanijibu London. London ndiyo iliyoshika bikari?

Usinifundishe habari za London, mwanangu. Nimegonga milango ya kisiwa hiki kwa ajili ya uhuru wa Uskoti tangu 1974, nikafukuzwa na mbwa na wachungaji wa dini. Lile bango la NDIYO la kura ya maoni ya 2014 bado liko dirishani, jua limelifuta limekuwa rangi ya chai. Najua London imetufanya nini. Lakini hata mkono uliofungwa unaweza kutazama ramani.

Juzi nilivuka kumwona Lachie. Nauli ya feri siijali, kinachoniua ni kurudi. Amekonda. Kitanda chake kinatazama ukuta, na ukutani kuna picha ya bahari, basi kila mara anamwuliza muuguzi ni bahari ya wapi. Wakati naaga alinishika kwa ule mkono wa kushoto, akaniambia polepole, "Effie, hawa watu nimewakosea nini?" Miaka sitini anafanya kazi, mtu ambaye hajawahi kukosea hata kondoo wa jirani, sasa anadhani amefungwa. Nililia kwenye feri mbele za watu, na mimi si wa kulia.

Na lingine. Uchaguzi mdogo ni tarehe nne Mei. Yule binti mgombea wetu alikuja, msichana mzuri, ana adabu, akaniomba nigonge milango kama kawaida yangu. Nikaanza na wa karibu. Unajua Murdo ni mtu wa Hapana, alipiga Hapana 2014 na atapiga Hapana mpaka kaburini. Tumetaniana kwa hilo miaka yote. Safari hii hakunitania. Alivua kofia akaniuliza taratibu, "Effie, watu wasioweza kumvusha Lachie maji haya, nchi nzima wataivusha vipi?"

Miaka hamsini nina majibu ya kila swali la mtu yule, Torquil, nikageuka na kurudi nyumbani.

Nijibu nilichokuuliza.

Effie

*

Edinburgh
Jumapili, 12 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Najua nimechelewa tena. Nilianza kukuandikia mara nyingi.

Nimewapigia wenzangu wa zamani kuhusu Baba Mkubwa. Wamenihakikishia kwamba vigezo vya umbali vitafanyiwa tathmini robo ya tatu ya mwaka. Ni hatua, Mama Mkubwa, hata kama ndogo. Nakuomba subira. Subira huvuta heri, wewe mwenyewe ulinikaririsha.

Wiki hizi kinatoka kijitabu kuhusu maisha ya Uskoti iliyo huru, na kitafika kila nyumba. Nitafurahi ukikisoma kwa moyo mweupe, kisha uwape na majirani. Watu wanakuamini wewe kuliko sisi.

Kuhusu lile swali lako, tutalizungumza nikija.

Torquil

*

Garvaig
Jumamosi, 25 Machi

Torquil,

Kijitabu kimefika. Kilikuja na posta, msichana mpya, si Murdo, japo Murdo alikuwa amesimama mlangoni akinitangazia kwamba sina kitu. Karatasi nzuri, inateleza. Nilikaa mezani nikakisoma kwa moyo mweupe kama ulivyoniomba. Ulikuwa mweupe mpaka ukurasa wa kumi na nne.

Ukurasa wa kumi na nne kuna wazee wawili, Morag na Iain, wanaishi kisiwani. Iain aliugua, akarudishwa nyumbani ndani ya wiki moja, kwa kuwa katika Uskoti huru mhudumu anakuja asubuhi na jioni. Wana mbwa, analala kwenye ndoo ya makaa. Na kila Jumamosi jioni Iain anakaa juu ya sanduku la samaki lililopinduliwa, anamenya viazi vya Jumapili kwa kisu chake cha mfukoni, kwa mkono wa kushoto, ili siku ya Bwana asifanye kazi.

Nilikisoma mpaka hapo nikalitazama sanduku la Lachie. Liko pale pale, karibu na jiko. Hakuna aliyelikalia tangu Novemba.

Ala! Hiyo ndiyo kazi ambayo ningeifurahia? Umemrudisha Lachie nyumbani kwenye karatasi! Umemkalisha, umempa viazi na kisu mkononi, ukamchapisha ukamsambaza nchi nzima, na yeye mwenyewe ametazama picha ya bahari ukutani miezi mitano! Wageni wa Aberdeen na Glasgow wanajua Lachie yuko nyumbani. Asiyejua ni Lachie.

Tulikuwa tukiwaambia watu zimwi likujualo halikuli likakwisha. Afadhali serikali yetu, yenye mapungufu yake, kuliko ya mbali isiyotujua kwa sura. Ndivyo nilivyosema kwenye kila mlango. Haya, sasa zimwi limenijua. Linamjua mbwa wangu anapolala. Mbona linanitafuna mpaka mfupa? Kutawaliwa vibaya na watu nisiowajua nilishazoea. Sikuwahi kudhani nitatawaliwa vibaya na mtoto niliyemfunga viatu.

Nilimwonyesha Murdo ukurasa ule. Nilitaka acheke, nipate wa kugombana naye. Hakucheka. Aliusoma mara mbili, akakirudisha kijitabu mezani, akasema, "Mkono wa kushoto wamepatia," akatoka nje.

Kama huna jibu, usiniandikie. Na salamu zako kwa baba yako mkubwa sizipeleki tena. Zilete mwenyewe.

Effie

*

Garvaig
Jumatano, 19 Aprili

Torquil,

Hukuandika. Safari hii nashukuru.

Habari ni hizi, na uzisome umekaa. Lachie yuko nyumbani. Yuko nyumbani kwa kweli, mwenye uzito, mwenye kukoroma.

Ijumaa ya tarehe saba nilivuka nikamwambia daktari nimechoka. Naye, masikini, amechoka kuliko mimi. Akasema, "Mama, mwenyewe akitaka kuondoka na akatia saini, mimi siwezi kumfunga kamba." Miezi mitano hakuna aliyetuambia hivyo! Lachie alitia saini kwa mkono wa kushoto, ikajaa ukurasa wote. Jumamosi tukapanda feri, wauguzi walimsukuma kwa kiti mpaka ndani, na upande huu vijana wa gatini walimbeba na kiti chake kama bwana harusi. Tulilala vizuri. Nilikuwa nimejigamba kwamba nitaweza.

Jumapili asubuhi sikuweza. Nilimkalisha ukingoni mwa kitanda, akaanza kuteleza, nami nikamshika nisiweze kumpandisha wala kumshusha. Tukakaa vile nusu saa, nimemkumbatia, mgongo unawaka, tunasikia watu wakipita kwenda ibadani. Nilipiga kelele. Lachie naye akanisaidia kupiga kelele, kisha tukaanza kucheka kama wendawazimu.

Murdo ndiye aliyesikia. Alikuwa amevaa suti nyeusi, Biblia kwapani. Wawili tulimrudisha Lachie kitandani, lakini kumsafisha, kumgeuza bila kumuumiza, hakuna anayejua. Murdo akatazama dirishani. Wiki nzima upepo ulikuwa umevuma wa kung'oa bati, na asubuhi ile bahari imelala, haina hata mkunjo. Na kamba ya Seonag haikuwa na nguo, kwa sababu hata kule ni Jumapili.

Unamjua Murdo. Mzee wa kanisa. Mtu ambaye Jumapili hageuzi ukurasa wa gazeti la Jumamosi. Miaka yake yote hajawahi kugusa mashua siku ya Bwana, hata siku ile madema yake yote ya kaa yalipokuwa yakichukuliwa na mawimbi mbele ya macho yake. Alisimama pale, kisha akasema, "Kazi ya lazima na ya huruma imeruhusiwa," akaiweka Biblia mezani kwangu, akashuka gatini na suti yake.

Ile injini unaijua sauti yake. Kanisa zima liliisikia. Wanasema Mchungaji alianzisha zaburi kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na wote wakamfuata wakitazama madirisha.

Mimi nilikuwa jikoni namtazama akivuka. Bango la NDIYO lilinizuia kuona, nikalibandua. Dakika ishirini na tano kwenda, ishirini na tano kurudi, na Seonag amekaa mbele na begi lake magotini, kofia ya kanisani kichwani. Alimwogesha Lachie, akambadilisha, kisha baada ya ibada akawaita majirani sita jikoni kwangu akawafundisha kunyanyua mtu. Alimtumia Murdo kama mgonjwa. Murdo alipiga kelele kuliko Lachie.

Bango nimelirudisha. Usifikiri vingine.

Sasa sikia na hili. Jana nimepata barua kutoka kile kitengo chako cha zamani. Aya ya pili inanionya kwamba mhudumu amesafiri kwa chombo kisicho na kibali, isirudiwe. Aya ya tatu inasema jalada la Lachie limefungwa, kwa kuwa huduma imepatikana "ndani ya duara la maili kumi, kama ilivyopangwa." Kama ilivyopangwa! Mmejiandikia ushindi! Nilimsomea Murdo kwa sauti, akaniomba nirudie, alidhani namtania.

Tumepanga zamu. Jumatatu Murdo na mkewe. Jumanne mwalimu. Jumatano vijana wa gatini. Ijumaa Mchungaji, usicheke, ana mikono yenye nguvu. Jumamosi binamu za Lachie, na Jumapili Murdo anamleta Seonag, kibali kiwepo kisiwepo. Karatasi ya zamu naifunga humu.

Utaona Alhamisi. Nimekuandika wewe, kwa penseli, kwa sababu ahadi zenu nimezizoea. Alhamisi ya tarehe nne Mei ndiyo siku ya kura. Siwezi kumwacha Lachie peke yake. Asipopatikana mtu, siendi, na chama chetu kitakosa kura ambayo hakijaikosa tangu 1974. Mlango sigongi hata mmoja mwaka huu, nimeshamwambia yule binti. Lakini kura yangu ni ileile, na naitaka.

Effie

*

Edinburgh
Jumatatu, 24 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo.

Duara nililichora mimi.

Ilikuwa Ijumaa jioni, miaka miwili iliyopita. Tulitakiwa tumalize kabla ya mkuu kuondoka. Ramani ya ofisini bahari yake ni nyeupe, haina kitu, unaweza kudhani ni uwanja. Niliweka kidole kila kituo nikazungusha maili kumi, na nilipofika kwetu nikaona Garvaig na Tarlish zimeingia pamoja. Niliona, Mama Mkubwa. Niliona hata dirisha. Mkuu akauliza kama kuna mwenye swali. Watu walikuwa wameshavaa makoti. Sikunyoosha mkono.

Hakuna wadau. Hakuna London. Nilikuwa mimi, na nilitaka kwenda nyumbani.

Ulipoandika Januari nilijua siku ileile. Nilishindwa kukuambia, nikaandika ule ukurasa wa kumi na nne. Sikuuandika kwa ajili ya Uskoti. Niliuandika kwa sababu sikujua njia nyingine ya kumrudisha. Nimemwandikia mkuu juu ya duara, kwa jina langu. Sijui watafanya nini. Pengine tathmini.

Nimechukua likizo. Alhamisi zangu nizione kwa wino, tafadhali.

Torquil

*

Garvaig
Ijumaa, 28 Aprili

Torquil,

Wote wazima. Kuku wa pili hajarudi, nimemsamehe.

Barua yako nilimsomea Lachie. Akasema, "Mwambie ningemwona mtu mzima zaidi kama angesema Ijumaa ileile." Baadaye kidogo akauliza kama bado unapenda viazi vya kuchoma na siagi. Murdo sikumsomea, hilo utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, mlangoni pake.

Wino ninao, chupa nzima. Utaandikwa ukishashuka kwenye feri.

Njoo na buti.

Mama yako mkubwa,
Effie